Kwamboka, Jiko la Mama Nililibomoa Mimi

Kwa Kwamboka, dada yangu wa ng'ambo,

Ujumbe wako umenifikia. Niliusoma dukani Keumbu nikimpimia mteja misumari, nikausoma tena jioni nilipofika nyumbani Kebirigo, nikitumaini kwamba mara ya kwanza sikuuelewa. Nilikuwa nimeuelewa. Unauliza kama unaweza kurudi mwezi wa Agosti na kikundi kingine cha wageni, na kama nitakusaidia kuzungumza na Mama Kerubo, jirani yetu wa juu kilimani, ili asibadilishe kitu chochote jikoni kwake kabla hamjafika. Umemalizia kwa kusema kwamba Afrika inakuita tena.

Afrika haina namba yako, Kwamboka. Mimi ndiye niliye nayo, na sikukuita.

Nina hasira. Naliweka neno hilo hapa mwanzoni usije ukadhani kwamba tumepishana lugha. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo sote wawili tulifundishwa darasani, wewe kwenu Uholanzi na mimi hapa, na hakuna kati yetu aliyezaliwa nayo. Na nakuandikia wazi, mahali ambapo wengine watasoma, kwa sababu wewe ulianza kuieleza habari ya nyumba yetu wazi. Ile video yako imeonwa na watu wengi hapa kwetu kuliko unavyofikiri.

Lakini kabla ya video nataka tukumbuke pamoja, tangu mwanzo, maana naona kuna mambo umeyasahau.

Unakumbuka ulivyofika? Mvua ya mawe ilikuwa imetoka kupiga. Majani ya chai yalikuwa yametapakaa chini kana kwamba mtu ameyakatakata kwa chuki, na mama alikuwa amesimama shambani anatazama tu. Mchungaji wetu akapanda njia ya kwetu akiwa na msichana mweupe aliyelowa mpaka soksi. Ulikuja kusaidia kufundisha katika shule iliyo chini ya kilima, na nyumba uliyopangiwa ilikuwa imetobolewa paa na mawe yale. Mchungaji akamwomba mama akupe chumba cha kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Nakuru. Mama alitazama viatu vyako, akatazama uso wako, akaniambia kwa Kikisii, "Tukiendelea kuongea hapa, mtoto wa watu atakufa baridi." Akakushika mkono akakupeleka jikoni, penye moto.

Lilikuwa jiko la udongo, la mviringo, limeezekwa kwa nyasi, liko nyuma ya nyumba kubwa. Mawe matatu katikati. Mlango mmoja na dirisha hakuna. Ulipoingia moshi ulikushika machoni na ukaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mama akakusukumia kigoda, akakwambia, "Kaa chini. Moshi iko juu, chini hakuna." Ukakaa. Ulikula obokima, ugali wa wimbi, na risosa, yale majani ya maboga, ukitumia mkono wa kushoto, na mama akauondoa mkono huo kwenye sahani taratibu kama anavyomfanyia mtoto mdogo.

Tulikuwa marika, mimi na wewe. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Uliponisikia namwita mama "baba," ulichanganyikiwa. Kitabu chako cha Kiswahili kilikuwa kimekwambia baba ni mwanamume. Siku kadhaa ulingoja kwa adabu huyo baba atokee, mpaka siku moja ukamuuliza mama, "Samahani, baba amesafiri?" Mama akajipiga kifuani kwa kiganja. "Baba ni mimi!" Kwa Kikisii baba ndiye mama, na yule wa kiume, ambaye kwetu tunamwita tata, alikuwa amelala chini ya migomba tangu nikiwa darasa la tano. Mama alicheka siku hiyo mpaka akashikilia mwimo wa mlango. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tumzike tata.

Ndipo akakupa jina. Jina lako la kwenu lilimshinda ulimi, akasema hana haja nalo. "Huyu amevuka maji mengi kunifikia. Huyu ni Kwamboka." Kwetu ni jina la mtoto wa kike aliyezaliwa mama yake akiwa safarini, akivuka. Hakukupa kwa mzaha. Sabato iliyofuata alisimama kanisani akawaambia watu kwamba Mungu amemwongezea binti.

Sikatai kwamba ulikuwa binti. Mwaka ule mume wangu aliponiacha na mtoto anayenyonya, ulikuwa umerudi kwa mara ya pili. Hukunipa mashauri. Watu wote walikuwa wananipa mashauri. Wewe ulichukua ndoo ukateremka mtoni asubuhi baada ya asubuhi, ukapanda na maji yanakumwagikia mgongoni, ukaosha nguo za mtoto wangu, ukalala kando yangu. Wanawake wa kijiji walisema mzungu wa Mama Moraa ana akili. Nayakumbuka hayo, na kwa sababu nayakumbuka ndiyo maana hasira hii inanichoma mimi kabla haijakufikia wewe. Mgeni wa kupita angenikosea kama ulivyonikosea, ningemsahau kabla gari lake halijafika Kisii.

Ulirudi tena, na tena. Ulikuja ukiwa mwanafunzi, ukaja ukiwa na kazi, ukaja baada ya kuachana na yule mchumba wako. Kila mara ulifanya jambo lilelile. Ulishuka kwenye gari, ukamkumbatia mama, ukamwacha na mizigo yako, ukaenda nyuma ya nyumba, ukainama mlangoni mwa jiko na kuvuta pumzi ndefu. Ukasema, "Sasa nimefika nyumbani." Mama alipenda sana kuona hivyo. Alikuwa anakufuata nyuma akicheka, na kadiri miaka ilivyosogea alikuwa anacheka, kisha anakohoa, kisha anasubiri kikohozi kiishe ndipo aendelee kucheka.

Wewe ulikisikia kikohozi hicho. Tulikisikia sote.

Tulidhani ni homa ya baridi ya huku milimani. Tukadhani ni vumbi la kufagia. Mama alikunywa maji ya moto na ndimu, akanywa na dawa ya mwarobaini niliyomnunulia sokoni Kisii, akaombewa. Ilipofikia hatua akawa hawezi kupanda kutoka shambani bila kukaa njiani mara kwa mara, kikapu cha chai mgongoni, nilifunga duka nikampeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa kijana mpole. Akatazama picha ya kifua chake kwa muda, akauliza, "Mama, umevuta sigara kwa miaka mingapi?"

Ungemwona! Aliketi wima kwenye kile kitanda. "Mimi? Sigara?" Akanigeukia. "Moraa, mwambie huyu mtoto mimi ni Msabato. Hata chai yenyewe ninayolima sinywi!"

Daktari akaomba radhi. Akauliza anapikia nini na wapi. Mama akamweleza bila kuficha chochote, jiko la udongo, kuni za mkaratusi, mbichi wakati wa mvua, tangu alipoolewa akiwa msichana. Daktari akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba mapafu yale ni kama ya mtu aliyevuta sigara maisha yake yote, kwamba yaliyoharibika hayarudi, na kwamba kilichobaki ni kumtoa kwenye moshi upesi ili abaki na hayo aliyonayo.

Kwamboka, mimi nauza saruji, mabati, mbao na misumari. Kama kuna mtu katika Kebirigo nzima ambaye angeweza kumjengea mama yake jiko jipya bila kuomba ruhusa kwa mtu, ni mimi. Fundi alikuja wiki hiyohiyo. Tulipima mahali, palepale penye jiko la zamani, kwa sababu ndipo karibu na mlango wa nyumba na mama hangeweza tena kutembea mbali. Nikamwambia mama kwamba Jumapili tunaezua nyasi, na kwamba kwenye jiko jipya atapikia gesi.

Akasema, "Hapana."

Nikadhani anaogopa gesi, kama wazee wengi. Nikamwambia nitamfundisha kuiwasha. Akasema haogopi gesi.

"Sasa ni nini, baba?"

Akatazama mikono yake. "Kwamboka akirudi atakuta nini?"

Nilicheka, nakuapia. Nilidhani anatania. Nikamwambia, "Kwamboka akirudi atakukuta wewe." Akatikisa kichwa. "Huyo mtoto hurudi kwa sababu ya jiko. Wewe huoni? Akifika ndiko anakimbilia. Ngoja kwanza aje aliage. Halafu utabomoa."

Nikakupigia simu, mama akiwa kando yangu, nikaweka spika. Nilitaka umsikie na yeye akusikie, umwambie kwa kinywa chako abomoe. Nilijua atakutii. Nikakueleza habari ya jiko jipya. Na wewe, kabla sijamaliza, ukasema kwa sauti kama ya mtu aliyeibiwa, "Oo, Mama, usibomoe! Tafadhali. Jiko hilo ndilo Afrika yangu."

Uso wa mama uling'aa. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikaitoa simu kwenye spika, nikatoka nayo nje, nikakueleza alichosema daktari. Neno kwa neno. Kisha ukasema, "Labda afungue dirisha."

Hukuona kwamba halina dirisha? Miaka yote hiyo ulikaa ndani yake, ukalipiga picha kila upande, ukaitundika picha yake ukutani kwenu, na hujui kwamba jiko la mama halina dirisha?

Nikakuuliza utakuja lini. Ukasema mwaka huo haiwezekani lakini mwaka unaofuata lazima. Mama akangoja. Nilibishana naye, nikamletea mchungaji, nikamwita kaka yangu kutoka Nakuru, nikaleta jiko la gesi nikaliweka ndani ya nyumba kubwa. Alilitumia kuchemshia maji, akisikia hatua zangu zimeondoka anarudi kule nyuma. Hata moto alikuwa anauwasha siku ambazo hana cha kupika. "Jiko lisipowashwa moto," aliniambia, "nyasi zinaoza kwa mvua, linaanguka. Akija atakuta limeanguka." Alikuwa anatunza kitu cha mtu. Mwaka uliofuata ukaandika kwamba umepata nafasi ya kwenda nchi nyingine kwanza, utapitia kwetu mwishoni. Hukupitia.

Kuna methali walitufundisha shuleni, nawe uliijua kwa moyo, ulikuwa ukiisema kila ukiingia nyumba ya mtu na watu wakikupigia makofi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wako hakupona. Alifariki wakati wa mvua, akiwa amekaa, kwa sababu kulala alikuwa hawezi tena. Nilikuwa nimemshika mgongo. Sitakueleza zaidi ya hapo, hiyo ni yangu.

Sikukulaumu kwa kutokuja mazishini. Njia ni ndefu na sisi huku hatukai na maiti kwa muda mrefu kwa ajili ya mtu mmoja. Ulituma ujumbe mzuri, ukasomwa mbele ya watu, na wanawake wa kanisa walisikitika waliposikia jina lako. Tulimzika kando ya tata, chini ya migomba, mahali ambapo huwezi kuingia uani kwetu bila kupita.

Watu walipotawanyika nilichukua panga na jembe nikabomoa jiko. Sikumwita fundi. Nilianza na paa. Nyasi zilipokuwa zinaanguka niliona ndani yake, na sijui nikueleze vipi. Masizi yalikuwa yameganda mazito, yanang'aa, yananing'inia kwa nyuzi kama lami. Yakanidondokea kichwani na shingoni. Nikasimama pale nikafikiri, hiki ndicho kilikuwa ndani yake. Hiki ndicho daktari alikiona kwenye picha. Nikaendelea kupiga zile kuta mpaka majirani wakaja wakanishika, wakidhani nimerukwa na akili. Wakaninyang'anya jembe, kisha wakaona nilichokuwa naona, na wao wenyewe wakamalizia.

Pale nikajenga jiko la matofali, lina madirisha mawili makubwa, sakafu ya vigae, meza ya kupikia ya saruji na bomba la maji ndani. Naipenda kila pembe yake. Nikiingia asubuhi jua linaingia pamoja nami.

Halafu ukarudi.

Ulinipigia kutoka uwanja wa ndege Kisumu ukasema mnakuja na marafiki zako wanaotaka kuona mahali ulipojifunza kuishi. Nilifurahi, Kwamboka. Nilisahau yote kwa siku ile. Nilichinja jogoo, nikapika obokima na risosa na chinsaga, zile mboga chungu za kwetu ambazo wewe peke yako kati ya wazungu wote ninaowajua unazipenda. Nilivaa kitenge ulichonipa. Nikasimama njiani kama mama alivyokuwa akisimama.

Gari likaingia. Ukashuka, ukanikumbatia, ukaniachia mkoba wako, ukapita kando ya kaburi la mama huku ukiwaambia wenzako wakufuate, ukaenda nyuma ya nyumba. Nilibaki nimeshika mkoba. Nilidhani hukuliona kaburi. Lakini lina msalaba wa saruji mweupe unaonifika kifuani, na ulilazimika kukunja bega usiuguse.

Nilikukuta umesimama mbele ya jiko langu.

"Liko wapi?"

"Nini?"

"Jiko."

"Nililibomoa," nikasema. "Mama alipofariki."

Ukakaa kwenye majani ukalia. Ulilia kwa sauti. Wenzako wakakuzunguka, mmoja akakushika bega, mwingine akaniangalia mimi kama mtu aliyevunja chombo cha mwenzake. Ukawaeleza kitu kwa lugha yenu na wote wakageuka kutazama vigae vyangu kwa huzuni. Nikakungoja unyamaze. Uliponyamaza ukasema, "Ungenisubiri, Moraa."

"Mama alikusubiri," nikakwambia.

Hukulisikia hilo. Au ulilisikia ukaliruka kama ulivyoliruka kaburi. Ukafuta machozi, ukasema, "Sasa mmekuwa kama mahali pengine popote."

"Wewe kwako unapikia nini?"

"Umeme. Lakini hiyo si sawa, Moraa."

"Si sawa kivipi?"

Wakati huohuo yule mzee mnene mliyekuja naye, mwenye kofia ya jua, alikuwa amerudi mbele ya nyumba. Alikuwa amesimama kwenye kaburi na kofia mkononi, akaniuliza kwa Kiingereza cha kubabaisha, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mama yangu. Akainamisha kichwa. Mtu ambaye hakuwahi kula hata tonge moja la mama yangu ndiye aliyeuliza. Na wakati wa kula, ni yeye tu aliyekula akashiba na kuomba chinsaga tena. Ninyi wengine mlionjaonja, ukasema mnahitaji kuwahi kabla ya mvua, ukawapeleka wageni wako juu kilimani kwa Mama Kerubo, kwa sababu ulikumbuka kwamba kwake bado kuna jiko la mviringo. Mkakaa huko mpaka jua likazama. Nilikuwa nasikia vicheko vyenu nikiosha vyombo.

Sasa nije kwenye video. Uko nyumbani kwako, umekaa kwenye kiti kizuri, nyuma yako ile picha ya jiko letu. Mtu anakuuliza kwa nini wasafiri wakifika Afrika huwa wanataka kurudi. Binti wa kaka yangu alinitafsiria, akisimamisha kila hatua. Ukasema ni kwa sababu huku saa hazikimbii. Ukasema watu hawana kitu lakini wana furaha ambayo ninyi mmeipoteza. Ukazitaja mvua zetu, vilima vyetu, kijani cha chai asubuhi, harufu ya moshi kwenye nguo zako ambazo hukutaka kuzifua ulipofika kwenu. Ukasema ukiondoka, kipande cha moyo wako hubaki. Uliongea vizuri. Nilimwambia mtoto arudishe mwanzo, tukasikiliza tena yote, maana nilidhani kuna jina limetupita.

Hukumtaja mama. Si kwa jina, wala kama mama, wala kama mwanamke mmoja mzee. Ulitaja moshi, hukumtaja aliyeuwasha moto.

Mimi ningeweza kukujibia swali lile. Ulikuwa unarudi kwa sababu palikuwa na mtu amesimama njiani anakungoja, na kwenu, uliniambia mwenyewe usiku ule ulipolia juu ya mchumba wako, hakuna mtu aliyewahi kukungoja mlangoni. Hilo halina aibu. Ungelisema tu. Lakini ukaona ni vizuri zaidi kusema kwamba ni nchi, ni udongo, ni mvua, kwa sababu nchi haifi na haihitaji kupelekwa hospitali.

Na ningelimeza hata hilo. Ningelimeza, tukabaki tunatumiana salamu za Krismasi. Lakini wiki iliyopita nilikutana na Kerubo, binti wa Mama Kerubo, sokoni. Alikuwa amemwahidi mama yake jiko jipya, tena alikuwa ameshakuja dukani kwangu kuchagua mabati. Nikamuuliza mbona harudi. Akasema mama yake amekataa.

"Amekataa kwa nini?"

"Anasema wazungu wa Kwamboka wanalipenda lile la zamani. Anasema wakirudi watakuta nini?"

Niliacha ndizi zangu pale chini nikapanda kilima. Mama Kerubo alikuwa ndani, anapuliza moto. Nilimsikia kabla sijamwona, Kwamboka. Nilisikia anakohoa, akatulia, akakohoa tena, nikashika ukuta.

Aliniita niingie, nikamwambia atoke yeye. Tukakaa kwenye nyasi. Nikamweleza kila kitu, swali la daktari kuhusu sigara, mapafu, masizi yaliyonidondokea shingoni, mama aliyekuwa akiwasha moto bila chakula ili nyasi zisioze. Alikuwa anajua mama alifariki kwa kifua. Hakujua kwamba alikuwa anamngojea mtu. Alinisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa leso.

"Sasa wageni watakuja kuona nini?" akaniuliza. Aliuliza kwa dhati, kama mtu mwenye wasiwasi wa kuaibika.

"Watakuja kukuona wewe."

"Mimi?" Akacheka, akakohoa. "Mimi mzee hivi, wanione nini?"

Hilo swali la Mama Kerubo nakuachia wewe, maana mimi sikuweza kulijibu bila kulia. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba kilicho cha kutazamwa nyumbani kwake ni paa.

Kwa hiyo jibu la ujumbe wako ni hili. Jumapili tunabomoa jiko la Mama Kerubo. Kerubo analeta chakula cha mafundi, mimi nimetoa mabati, wanawake wa kanisa wamesema watakuja na majembe yao. Yeye mwenyewe ameomba apige la kwanza. Agosti hakutakuwa na jiko la mviringo kwetu, na ukiwapeleka wageni wako kwenye boma lingine, nitafika huko kabla yako na habari hii hii. Nina duka zima la mabati na nina miguu.

Usije na kikundi. Usije na kamera. Kama ni moshi unaoutamani, washa moto kwenu, ukae nao chumbani, ufunge dirisha.

Lakini mlango sijakufungia. Mama alikuita binti mbele ya kanisa, na mimi sina uwezo wa kulifuta alilolisema. Chumba cha kaka yangu kipo, kitanda kimetandikwa. Ukija peke yako nitakuja kukupokea, nikiwa bado nimekasirika, na nitakupikia chinsaga kwenye gesi. Utalala, na asubuhi tutatoka sote wawili mpaka chini ya migomba.

Maana siku ile, pale kwenye majani, ulililia jiko. Mama hujamlilia bado.

Ni mimi dada yako,
Moraa, wa kwa yule aliyekupa jina